Mahali pa Kukosea

Pale kituoni walimwita Mama Taratibu, na jina hilo hakupewa kwa sababu ya upole. Alipewa kwa sababu kila mtu alipoikimbilia kibodi, yeye alisema, "Taratibu jamani, taratibu," kwa sauti iliyowafanya hata wenye haraka zao waondoe mikono mezani. Alikuwa mwanamke mnene kiasi, mcheshi, miwani yake inaning'inia kifuani kwa uzi, na mwaka mzima alivaa sweta zito. Nje jua lingeweza kuchoma litakavyo. Ukumbi wa mashine ulikuwa na baridi ya kugonganisha meno.

Kituo chenyewe kilikuwa jengo lisilo na madirisha, nyuma ya ghala la matairi. Watu walipita mbele yake kila siku bila kujua mna nini ndani. Mlikuwa na makabati ya chuma yamepangwa safu kwa safu, na ndani ya makabati mlikuwa na seva, zile kompyuta zisizo na kioo wala kibodi, zinazochapa kazi mchana kutwa na usiku kucha. Humo zilikaa kumbukumbu za hospitali, za mamlaka ya maji, za shule kadhaa. Seva hizo ziliunganishwa na swichi, vile vyombo bapa vyenye matundu mengi ya waya na vitaa vinavyopepesa, na kazi ya Mama Taratibu na wenzake ilikuwa kuhakikisha kila ujumbe unaopita kwenye swichi hizo unafika unakokwenda.

Mwenzake wa karibu zaidi aliitwa Mjomba, ingawa hakuwa mjomba wa mtu yeyote pale. Alikuwa injinia mkongwe, mrefu, mpole, mtafuna karanga, na ndiye aliyemfundisha Mama Taratibu nusu ya anayoyajua. Mkono wake ulikuwa unaaminika. Kukiwa na badiliko gumu la kufanya kwenye mtandao, Bosi alisema tu, "Mpeni Mjomba," na kila mtu akapumua.

Ndiyo maana asubuhi ile iliwachanganya wote. Mjomba aliandaa badiliko dogo, akalisoma na kulirudia, akampa Mama Taratibu naye alisome, wakaridhika. Akabonyeza. Kwanza kimya. Kisha vitaa vyote vya swichi, vilivyokuwa vinapepesa kila kimoja kwa wakati wake, vikaanza kuwaka na kuzima kwa pamoja kama vimepagawa. Ujumbe mmoja wa kuulizia njia ulikuwa umeingia kwenye mzunguko, unakwenda na kurudi na kujizalisha, mpaka mtandao mzima ukajaa ukakosa pa kupumulia. Mamlaka ya maji ikatoweka. Shule zikatoweka. Hospitali ikatoweka.

Simu ya Mama Taratibu ikaita. Alikuwa dada yake mkubwa, mwalimu wa wauguzi katika hospitali hiyohiyo.

"Mdogo wangu, ni nyinyi?"

"Ni sisi, dada."

"Hapa hatuoni chochote. Chupa za damu ziko kwenye friji, lakini ipi ni ya nani hatujui. Tunapiga simu wodi kwa wodi."

"Tunahangaika nayo, dada. Niache nirudi."

Walihangaika asubuhi nzima, wakaliondoa lile badiliko, ndipo mtandao ukarudi. Hakuna mgonjwa aliyedhurika, shukrani kwa wauguzi waliokimbia korido nzima na karatasi mkononi. Lakini Mjomba alikaa kwenye kiti chake, mikono katikati ya magoti, karanga zake hazijaguswa. Tangu siku hiyo hakubonyeza tena. Alikuja kazini, alishauri, alisoma mipango ya wenzake, ila akiombwa afanye jambo mwenyewe alitoa udhuru. Mara macho yanamuuma. Mara ana simu ya kupiga. Wengine walicheka chinichini. Mama Taratibu hakucheka, kwa sababu naye aliusoma mpango ule na hakuona kosa, na hadi wakati huo hakuna aliyejua kosa lilikuwa wapi.

Jumamosi moja dada yake alikuja nyumbani kumtembelea. Walikuwa jikoni wakimenya viazi, watoto wanagombania rimoti sebuleni, na dada akawa anasimulia kuhusu wanafunzi wake, mmoja aliyemchoma mdoli sindano mfupani.

"Mdoli gani?"

"Mdoli wa kufundishia. Ana mishipa, ana mapigo ya moyo, anaweza hata kufa. Ameshauawa mara nyingi sana yule." Dada akacheka. "Wanamwua yeye ili wasije wakamwua mtu. Kwani nyinyi mnafanyia wapi mazoezi?"

Mama Taratibu aliacha kumenya. "Kwa wagonjwa, dada," alisema. "Sisi tunafanyia kwa wagonjwa wenyewe."

Jumatatu alikwenda moja kwa moja ofisini kwa Bosi, bado ana mkoba begani. Bosi alikuwa mtu wa suruali zilizonyooshwa vizuri, asiyependa maneno mengi wala matumizi mengi.

"Nataka kujenga kituo cha pili," alisema Mama Taratibu.

Bosi akaweka kalamu chini. "Wapi?"

"Chini ya meza yangu."

Alieleza. Kampuni zinazotengeneza swichi hutoa pia programu ya swichi hizo, ile akili yake bila mwili wake. Mashine moja yenye nguvu inaweza kuendesha akili nyingi kama hizo kwa pamoja, kila moja ikijiona ni swichi kamili, na waya za kuziunganisha zikawa za kuchorwa tu kwenye kioo. Ukizipa mipangilio ileile ya swichi za ukumbini, unapata pacha wa kituo. Pacha huyo ukimharibu hakuna anayeumia, na ukishamharibu unamrudisha alivyokuwa, unaanza upya. Hiyo ndiyo maabara pepe.

"Mtandao wa maigizo," alisema Bosi.

"Ndiyo, mkuu. Wa maigizo. Naomba ile seva kuukuu iliyotolewa kwenye kabati la mwisho."

Bosi alimtazama, akatazama dirishani, yaani mahali ambapo dirisha lingekuwapo. "Ichukue. Lakini kazi zako zisilale."

Hazikulala. Kwa majuma mengi Mama Taratibu aliifanyia maabara yake kazi katika vijisaa alivyoiba hapa na pale, baada ya chai, kabla ya kikao. Ile seva kuukuu ilinguruma kama inataka kupaa. Alipowasha swichi zake zote za kuchora kwa pamoja, mashine iliganda, kumbukumbu imeisha. Akaenda stoo, akachomoa vibao vya kumbukumbu kutoka kwenye mashine zilizokufa, akavipachika. Ikaganda tena. Mwishowe akatambua kwamba swichi ni kama watoto wa kuamsha asubuhi. Ukiwaamsha wote kwa mkupuo, wanagombania bafu. Akaandika amri ya kuziamsha chache chache, kila kundi likishatulia ndipo jingine linaamka. Mashine ikanguruma ikavumilia.

Kisha likaja lililokuwa gumu zaidi. Ili kumjenga pacha, lazima umjue mwenzake vizuri. Mchoro wa kituo ulikuwapo, mkubwa, wa rangi, umebandikwa ukutani tangu jengo lilipofunguliwa. Mama Taratibu alipouhamishia kwenye maabara, pacha wake hakufanana na kituo. Mambo yaliyoonekana ukumbini hayakuonekana kwenye kioo.

"Huu mchoro ni picha ya harusi," alimwambia Mjomba. "Maharusi wameshazeeka."

Basi akavaa sweta lake, akachukua tochi, akaingia ukumbini kufuata waya mmoja mmoja kwa vidole, toka tundu hadi tundu, akipiga magoti, akijipenyeza nyuma ya makabati ambako mtu wa umbo lake hakutegemewa kupita. Siku ya pili alimkuta Mjomba amesimama mlangoni na tochi yake mwenyewe.

"Nishike upande ule?" aliuliza Mjomba.

"Shika, Mjomba. Mgongo wangu umeshalalamika."

Waya hauna cha kubonyeza. Hiyo Mjomba aliiweza. Walifuata pamoja, huyu anavuta taratibu mwisho huu, yule anaangalia kipi kinatikisika mwisho ule. Na nyuma ya kabati la katikati, chini kabisa, wakaukuta waya wa kijivu usiokuwa kwenye mchoro wala kwenye kumbukumbu ya mtu. Uliunganisha swichi mbili ambazo hazikutakiwa kugusana. Labda fundi fulani aliuchomeka zamani kwa shida ya siku moja, akasahau.

Hawakuuchomoa papo hapo. Mama Taratibu alirudi mezani kwake, akauchora waya huo kwenye maabara, kisha akamwita Mjomba.

"Lete lile badiliko lako."

Uso wa Mjomba ukabadilika. "Lipi?"

"Unalijua."

"Mama Taratibu, niache."

"Hapa hakuna hospitali, Mjomba. Hapa kuna mimi na wewe na mashine inayonguruma. Bonyeza."

Mjomba akavuta kiti, akaandika badiliko lile bila kutazama popote, maana alilijua kwa moyo kama mtu anavyojua jeraha lake, akabonyeza. Kwenye kioo, mistari yote ikageuka myekundu. Kituo kizima cha kuchora kikajaa, kikaganda, vilevile kama asubuhi ile.

Mjomba alikitazama. Mama Taratibu akarudisha kila kitu kilivyokuwa, akaufuta ule waya wa kijivu, akamsogezea tena kibodi. Mjomba akabonyeza mara ya pili. Mistari ikabaki ya kijani. Badiliko lake likapita bila kikwazo.

"Kumbe lilikuwa sahihi," alisema polepole.

"Lilikuwa sahihi. Tuliishi na waya tusioujua, wote."

Mjomba alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji kufutwa. Kisha akaomba kurudia tena. Akakiua kituo kile, akakifufua, akakiua kwa njia nyingine. Hadi wenzao wanaondoka alikuwa bado amekaa, anatafuna karanga, anajaribu kuzima hiki na kile kuona kitaangukia wapi.

Baada ya hapo meza ya Mama Taratibu haikukauka watu. Kila mwenye badiliko alilipitishia kwake kwanza, na ikawa mchezo wao kutafuta namna mpya za kukiangusha kituo cha maigizo. Yule aliyekiangusha kwa namna ambayo hakuna aliyeitarajia alipigiwa makofi.

Jaribio lenyewe lilikuja pale walipotakiwa kubadilisha swichi mbili za juu, zile ambazo mtandao wote unapitia. Bosi alikuwa ameshawatangazia wateja siku yake. Lakini kwenye maabara kazi ilikataa. Swichi mpya, ikishawaka tu, ilijitangaza kwa wenzake kuwa iko tayari, kabla haijajifunza njia zote. Wenzake wakaiamini, wakaipelekea mizigo ya ujumbe, nayo mizigo ikapotelea humo kama imetumbukizwa kisimani.

"Ahirisha, mkuu," alisema Mama Taratibu.

Bosi akakasirika. "Nimewaahidi watu. Hilo ni tatizo la kwenye maigizo yako."

"Huenda. Maigizo hayanionyeshi kila kitu, na sitakudanganya. Hayawezi kunionyesha waya mchafu wala swichi mbovu kutoka kiwandani. Lakini hili ni la akili ya swichi, na akili niliyonayo hapa ndiyo ileile itakayokuwa kule." Akavuta kiti. "Kaa, mkuu. Bonyeza mwenyewe."

Bosi alikaa, akakunja mikono ya shati, akabonyeza. Akaona hospitali ya kuchora inapotea. Alibonyeza tena, labda bahati mbaya. Ikapotea tena. Akatoka kwenda kupiga simu za kuomba radhi, moja baada ya nyingine, na hakumnung'unikia mtu.

Dawa waliipata Mama Taratibu na Mjomba pamoja, agizo la kuifanya swichi mpya ikae kimya kwanza, ijifunze njia, ndipo ijitangaze. Waliijaribu mpaka wakachoka nayo.

Siku ya kazi yenyewe, asubuhi ya siku ya mapumziko, aliyekaa kwenye kibodi alikuwa Mjomba. Hakuna aliyempangia. Alikuja mapema akakaa. Swichi ya kwanza ikaenda kama walivyoizoea. Ya pili ikawaka, lakini upande wake mmoja ukagoma kuamka, jambo ambalo maabara haikuwahi kuwaonyesha. Mama Taratibu akamtazama Mjomba. Mjomba hakutoa mikono mezani.

"Yote mengine ninayajua yanavyokwenda," alisema. "Kwa hiyo hili ni la waya tu. Angalia kichwa chake."

Mama Taratibu alipoangalia, kichwa cha waya wa kioo, ule unaopitisha mwanga badala ya umeme, kilikuwa na vumbi. Akakifuta kwa kitambaa chake maalumu, akakirudisha tunduni, na kitaa kikawaka kijani.

Hakuna mteja aliyepiga simu, kwa kuwa hakuna aliyejua kwamba kuna kitu kimetokea. Bosi aliwapa mkono mmoja mmoja, na kwa Mama Taratibu akakawia kidogo, kama mwenye neno, kisha akauliza kama ile seva ya chini ya meza inahitaji chochote.

"Nafasi," alijibu. "Nataka kumjenga pacha wa jengo letu jingine."

Alipewa meza ya pili, na sasa yuko huko, kwenye sakafu ya jengo lile, tochi mdomoni, anafuata waya mwingine usiokuwa kwenye mchoro.