Mlango wa Mwenye Eda

Katika kanisa letu, upande wa Mbaraki, kuna hadithi inayosimuliwa siku za ushuhuda. Inasema Mungu alifungua mlango Mji wa Kale, watumishi wake wakaingia katika nyumba ambayo injili haikuwa imefika, na mjane mmoja akalia alipoombewa. Kila inaposimuliwa watu hupiga makofi. Mjane huyo ni jirani yetu, na hakulia kwa kuombewa. Naandika mambo yalivyokwenda. Niliyoyaona nitasema nimeyaona, na niliyoambiwa na mama nitasema nimeambiwa, kwa sababu mimi ni mwanamume na sikuwahi kuvuka pazia la nyumba ile. Wengine walivuka.

Sisi ni watu wa Rabai, Wakristo tangu babu wa babu. Mama alihamia Mji wa Kale alipopata kazi ya kupika katika shule moja ya Kizingo. Alipanga vyumba viwili vya chini, akatulelea humo, akastaafu humo. Nyumba ya mkabala ilikuwa ya mzee muuza vitambaa na mkewe. Kichochoro kilichotutenga ni chembamba. Mama na mke wa mzee walizoea kupitishiana bakuli dirishani kwa kunyoosha mikono tu.

Mzee alipofariki, mkewe akakaa eda. Kwa miezi minne na siku kumi mjane hatoki ila kwa dharura, hajitii manukato wala wanja, na mwanamume asiye maharimu wake, yaani anayeweza kumwoa, hamtazami. Hata shemeji yake, ndugu wa marehemu, akija kumjulia hali huketi ukumbini, naye mjane humjibu akiwa nyuma ya pazia. Binti yao wa pekee yuko Maskati. Alikuja kuzika, akarudi kwa watoto wake. Hapo likabaki swali la nani atakwenda sokoni. Mama hakungoja kuulizwa. Binti alipokwisha kuondoka, alichukua kikapu, akapiga hodi ng'ambo, akauliza leo kunapikwa nini.

Ikawa ndiyo desturi. Asubuhi sokoni Marikiti, alasiri kumkalia mjane asije akazungumza na kuta. Nilikuwa nikiwasikia kutoka dirishani kwetu, hasa mjane, kwa sababu sauti yake haikuingia eda.

"Shoga, huyu ndiye samaki gani?" alimwuliza mama siku moja. "Huyu amekufa kabla ya mume wangu."

Mama akacheka, akasema mwuzaji amemwapia kwamba ametoka majini alfajiri.

"Watu wa Rabai nyinyi mwajua mnazi na mahindi. Samaki mwakutana naye sahanini."

Mama hakupeleka Biblia katika nyumba ile. Hakuficha dini yake pia: Jumapili alichelewa na mjane alijua kwa nini, akamwuliza ibada ilikwendaje na kama wale waimbaji wamejifunza kuimba. Jioni ilipoadhiniwa, mmoja aliingia kuswali, na mwingine aliketi ukumbini akasali sala zake kimya. Mama aliniambia kwamba mjane alimwuliza mara moja nani amemtuma. Alimjibu hakuna aliyemtuma, ila jirani yake amefiwa. Sijui mahubiri marefu kuliko hayo.

Kosa la mama, kama ni kosa, ni kwamba Jumapili moja alisimama kanisani wakati wa maombi akaomba jirani yake akumbukwe, kwa kuwa amefiwa na yuko peke yake. Basi. Mchungaji akamwita baada ya ibada na kumwuliza habari za nyumba hiyo. Siku chache baadaye mwenyekiti wa akina mama akampigia simu: wanataka kuja kutoa pole. Mama alifurahi. Kwa watu wa pwani, wanawake kwenda kwa mfiwa ni jambo la kawaida kama kuchota maji. Alimwambia mwenyekiti waje alasiri, wajitande leso, na waje wanawake tu kwa sababu mwenyewe yuko eda. Nilikuwepo akisema hayo. Aliyasema mara mbili. Mwenyekiti ameishi kisiwa hiki tangu utoto. Hakuna mtu wa kunieleza kwamba hakujua eda ni nini.

Siku hiyo nilitoka kazini mapema. Nilipoingia kichochoroni nilikuta viatu kwenye baraza ya mjane: ndara, ndara, viatu vya kisigino, na jozi mbili za viatu vya kiume vyeusi vilivyopigwa rangi. Nilivitazama vile viatu, nikabaki nje.

Ya ndani nimeambiwa na mama. Alikuwa akimsuka mjane. Ilipigwa hodi, sauti ya mwanamke, na mjane akajibu karibu bila kujitanda, kwa vile aliwatarajia wanawake. Pazia likafunguliwa. Aliyetangulia alikuwa mwenyekiti. Nyuma yake mchungaji, mkono mbele, "Bwana asifiwe, mama!" Nyuma ya mchungaji kijana wa kamati ya uinjilisti, ameinua simu anarekodi. Mjane alishika leso iliyokuwa magotini akajifunika uso, akakimbilia chumba cha ndani na kufunga kwa komeo. Huko ndiko alikolia.

Mchungaji hakutoka. Alidhani, au alipenda kudhani, kwamba mjane amelemewa na huzuni. Alifumba macho, akauelekezea mlango uliofungwa mkono wake, akaanza kuikemea roho ya mauti na roho ya giza katika nyumba ya watu. Mama alimwambia, "Mchungaji, toka." Akaendelea. Mama akamshika mkono wa koti, mwanamke ambaye maisha yake yote amemwita mchungaji baba hata akiwa mdogo kwake kwa umri, akamvuta mpaka nje.

Hapo ndipo nilipowaona. Nilimwuliza mchungaji ameingiaje.

"Mlango ulikuwa wazi, ndugu yangu," alisema, akitafuta kiatu kwa vidole vya mguu. "Mungu akifungua mlango, nani atafunga?"

Nilimwambia mlango huo haukufunguliwa na Mungu, ulifunguliwa na mama yangu kwa kubeba vikapu. Mwenyekiti akaniambia nipunguze hasira, hasira si tunda la Roho. Nilitamani kumjibu neno ambalo si tunda la chochote.

Kabla ya magharibi picha za video zilikuwa zimetumwa katika kundi la kanisa kwenye simu. Nilizitazama mara moja. Kwa kitambo cha kupepesa jicho anaonekana mwanamke wa miaka sitini na kitu, kichwa wazi, nywele upande mmoja zimesukwa na upande wa pili zimesimama, mdomo umefunguka kwa fadhaa. Chini yake waliandika kwamba mlango wa Mji wa Kale umefunguka na kwamba mama yangu ndiye chombo kilichotumika. Amina zilifuatana kama mvua ya masika. Nilimpigia simu kijana wa kamati mpaka akafuta. Lakini cha simuni hakifutiki. Usiku huohuo shemeji wa mjane alikuwa nacho.

Asubuhi alikuja kwetu. Nilikuwa namwogopea mama matusi, na laiti angetukana. Aliketi, akatoa salamu zote kwa utaratibu wake, akauliza hali ya kila mmoja, kisha akamwambia mama: "Dada, tumekusumbua muda mrefu. Sasa pumzika."

Mtu wa Mji wa Kale akikwambia upumzike, umekatazwa. Mama aliitikia kwa kichwa. Shemeji alipoondoka, mama alikaa na kikapu mapajani, na mimi nikaenda kazini nikiwa siwezi kusoma hata karatasi moja.

Mama hakumwendea mchungaji kulia. Alimwendea na ombi moja, na mimi nilifuatana naye. Alimtaka aende kwa shemeji, aketi barazani kwake, aseme kwa kinywa chake kwamba yule mwanamke wa Rabai hakujua wanaume wanakuja. Hakumtaka aseme lingine.

Mchungaji alisema atalipeleka jambo hilo katika maombi. Akasema pia kwamba kuomba radhi kunaweza kueleweka vibaya, kana kwamba tunaionea haya injili. Kisha akamgeuzia mama swali, kwa upole, kama mwalimu: kwa majuma yote aliyoingia katika nyumba ile, alimweleza nini mjane kuhusu wokovu?

"Nilimpelekea samaki," mama alisema.

"Samaki tu?"

"Na nazi."

Nilicheka kwa hasira, peke yangu. Mchungaji aliandika kitu pembeni, akatuombea, tukatoka. Hakwenda kwa shemeji. Hajaenda mpaka leo.

Alikwenda mama. Ijumaa, baada ya watu kutoka msikitini, alimkuta shemeji dukani akasimama mlangoni, akakataa kiti. Alisema waliingia kwa jina lake, kwa hiyo radhi ni yake kuomba. Shemeji alimwambia kosa si lake. Mama akasema anajua si lake, ndiyo sababu anaweza kuliomba radhi bila kutafuta maneno. Shemeji akasema atamfikishia mjane.

Yaliyosemwa nyuma ya pazia jioni ile mjane alimweleza mama baadaye, na mama akanieleza mimi. Mjane alimwambia shemeji yake kwamba kama anajua chochote juu ya Wakristo amekijua kwa yule mmoja, na asimchanganye na wale. Kesho yake sauti ikavuka kichochoro mpaka kwetu: "Shoga! Umenisuka nusu. Wataka nimalize eda hivi?"

Mama alikwenda. Wakati huu hakukimbia na kikapu. Alikwenda polepole, akapiga hodi. Nikasikia komeo jipya la mlango, ambalo shemeji alikuwa amelitia, likishikwa, na kabla halijavutwa mjane akauliza:

"Uko na nani?"

"Peke yangu."

Eda imekwisha zamani. Mjane anatoka, anakwenda sokoni na mama wakigombana juu ya samaki njia nzima. Kanisani wanaendelea kushuhudia ule mlango uliofunguka, na mimi naendelea kwenda, kwa sababu Kristo si wao peke yao, na kila wakipiga makofi mimi huketi mikono imefungwa. Lakini mpaka leo mama akipiga hodi, mchana kweupe, kwa sauti ambayo mjane ameijua nusu ya maisha yake, mlango haufunguliwi mpaka aulizwe yuko na nani. Mama hujibu kila siku bila kuchoka. Mimi ndiye nisiyeweza kulisikia swali lile bila kuinuka kwenye kiti.