Uso Unaocheka

Siku ya tatu leo, chini ya ngazi za posta pamekuwa kimya. Kiti cha plastiki kimegeuzwa ukutani, na ile taka-taka-taka ya vidole vya Mama Chapa haisikiki.

Miaka ishirini na miwili alikaa hapo akiwajazia watu fomu. Kwanza kwa taipureta, kisha, serikali ilipohamia mtandaoni, kwa kompyuta iliyong'oka kitufe kimoja. Hakuwa mtu wa kutulia. Mguu wake ulicheza chini ya meza kutwa nzima, maana mtandao ulipenda kukatika mtu akiwa hatua ya mwisho.

Na hatua ya mwisho ilikuwa nyuso mbili, mmoja unacheka, mwingine umenuna. Je, umeridhika na huduma? Ukibonyeza ulionuna, yanafunguka maswali kumi na moja. Hujafika la tano, mtandao umekata, fomu yote imepotea. Basi Mama Chapa akibonyeza unaocheka, anachapa risiti, anaita anayefuata.

"Mbona mimi hujaniuliza kama nimeridhika?" mzee mmoja aliwahi kumtania.

"Babu, unataka cheti au unataka maongezi?"

Jumatatu yakamfika mwenyewe. Cheti cha kuzaliwa cha binti yake kimeandikwa "mwanamume", na chuo cha uuguzi kinafunga usajili Ijumaa. Mtandaoni hapakuwa na pa kusahihisha, ila maneno mawili tu: fika dirishani. Akavuka barabara mbio. Dirisha la msajili wa vizazi lilikuwa limepigiwa mbao, na karani anafunga mafaili kwa kamba.

"Tumefungwa, dada. Makao makuu wanasema wilaya yetu imeridhika kuliko zote. Tisini na nane kwa mia! Dirisha la nini tena?"

"Nani kawaambia tumeridhika?"

"Aa, si nyie wenyewe? Fomu karibu zote zinapita mezani kwako. Wewe ndiye wa kuniambia mimi."

Mama Chapa alivitazama vidole vyake kana kwamba ni vya mtu mwingine.

Nyumbani hakugusa chakula. Alikwenda mlangoni, akarudi, akaenda tena.

"Mama, kaa basi," binti yake alimsihi. "Kwani umefanya nini?"

"Nimekufungia mlango, mwanangu. Kwa mkono wangu huu."

Kabla hapajapambazuka alikuwa kituo cha basi.

Sasa yuko makao makuu, ghorofa ya tatu, kwenye benchi mbele ya dirisha namba nne, cheti kikiwa ndani ya bahasha ya kaki. Leo ni Alhamisi.