Wasomaji wa Uani kwa Mishi

Suleiman Boga alikuwa mshona kofia wa Gazi, mtu mpole, tena mwoga wa aibu. Mwaka wa 1956 sanduku la vitabu lilipoletwa kijijini, kamati ya wazee sita ilimkabidhi yeye ufunguo, kwa kuwa alijua herufi za Kizungu na hakuwa na maneno mengi. Akalipenda sanduku lile kama mtu apendavyo mjukuu wa kwanza.

Sharti la serikali lilikuwa moja. Kijiji kijitawalie sanduku lake, ila daftari lioneshe wasomaji ishirini, la sivyo sanduku lihamishiwe ofisini Kwale. Wiki moja kabla ya afisa kuja kukagua, Suleiman alihesabu majina. Wasomaji saba! Na katika saba hao, Mishi binti Chengo peke yake alikuwa ameazima mara thelathini.

"Tutie majina ya kubuni," akasema Bwana Chome, mwenyekiti wa kamati. "Nani atajua?"

"Njia ya mwongo fupi, Bwana Chome," akajibu Suleiman. "Mkitaka uongo uandikwe humu, twaeni ufunguo wenu."

Wazee wakatazamana. Kumbe huyu naye ana hasira!

Akaenda kwa Mishi, akapiga hodi, akasimama nje ya mlango, maana uani ni kwa wanawake.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba, mwanangu. Vitabu vyote vile wavisoma weye peke yako?"

"La, ami. Mimi nasoma kwa sauti, wenzangu wakishona makuti na kusikiliza. Wao wajua herufi za Kiarabu tu. Kwani ni kosa?"

Masikini Suleiman! Mwaka mzima aliandika jina la mchukuaji, asiulize kitabu chaenda kwa nani. Akampa daftari. Likarudi na majina ishirini na sita kwa herufi za Kiarabu, kila mmoja kwa mkono wake. Akayahesabu mbio mbio, akamshukuru Mungu.

Afisa alipofika, akaelezwa habari za uani, akakunja uso. "Hawa wamesikiliza tu. Si wasomaji."

Bwana Chome, yule yule wa majina ya kubuni, akainuka. "Bwana, mlituambia tujitawalie. Kamati imekata shauri: hapa Gazi, aliyesomewa kitabu amekisoma."

Afisa akacheka, akatia sahihi. Sanduku likabaki.

Wenzake walipotawanyika, Suleiman akayapitia majina yale moja moja, kwa raha. La kumi na tisa likamsimamisha: Esha binti Tsuma. Mkewe!

"Mbona hukuniambia?" akamwuliza alipofika nyumbani.

"Hukuniuliza, mume wangu. Na kile cha mwisho hatukukimaliza. Ulimwambia Mishi siku zimekwisha, akirudishe."

Suleiman akageuka pale pale. Akatoka na ufunguo, akarudi na kitabu, akaketi mkekani karibu naye, akamwuliza waliishia wapi.