Manyoya Ndani ya Darubini

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo sijaisahau. Ilikuwa asubuhi, huko kijijini kwetu Marachi. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu na shahada ya falsafa, somo lisilo na sura hata moja kuhusu bunduki. Hilo halikunizuia kuwa mtaalamu.

Wewe wa Malaba, uliyepata leseni ya bunduki juzi, umeniuliza kama uifungie nukta nyekundu au darubini. Acha nikueleze nilivyolijibu swali hilo mara ya kwanza.

Baba Mdogo, ndugu yake baba yangu, alikuwa askari wa wanyamapori mstaafu mwenye bunduki halali. Fisi alikuwa amemaliza mbuzi kijijini, na maafisa wa wanyamapori wakamruhusu Baba Mdogo amwondoe. Macho yake yalikuwa yameanza kuchoka, kwa hiyo akataka kufunga kitu cha kumsaidia kulenga. Alipenda kile kioo kidogo chenye nukta nyekundu: unaweka nukta juu ya kitu, macho yote mawili yakiwa wazi, basi. Mimi nikacheka. Nilikuwa nimesoma mtandaoni wiki nzima. Nikamwambia nukta ni ya wavivu, achukue darubini inayokuza mara tisa.

"Utahesabu sharubu za fisi," nilimwambia.

Aliniamini, akafunga darubini, kwa sababu nilikuwa nimesoma. Hilo ndilo kosa letu watu wa huku: tunadhani aliyesomea kitu kimoja amesomea vyote. Na sisi tuliosoma hatukanushi.

Tukajificha kando ya shamba la miwa, mahali ambapo huoni zaidi ya hatua arobaini. Ng'ambo ya shamba kulikuwa na ngoma za matanga. Kwetu mzee akifa, wanaume huvaa ngozi na majani, wakaswaga mafahali hadi nyumbani kwa marehemu wakiimba. Ngoma tulizisikia. Kufikiria wanaozipiga wamevaa nini, hatukufikiria.

Miwa ikatikisika. Baba Mdogo akaweka jicho moja kwenye darubini, akafumba la pili.

"Unaona nini?" nikanong'ona.

"Manyoya."

"Ndiye huyo! Piga, Baba Mdogo, atatoroka!"

"Yamejaa kioo chote. Kichwa sikioni."

"Piga!"

Niliona kidole chake kikigusa kifyatulio. Kisha, sijui hadi leo ni kwa nini, akainua uso kutoka kwenye kioo na kuangalia kwa macho yake mwenyewe. Akaiweka bunduki chini taratibu, halafu akaketi kwenye matope.

Katikati ya miwa alikuwa amechuchumaa mzee mwenye ngozi ya mbega, yule kima wa manyoya marefu, mabegani. Alikuwa amejitenga na wenzake wa mafahali ili ajisaidie.

"Wee! Nani huko?" akapaza sauti. "Siku hizi hapa mtu hawezi hata kwenda haja bila watazamaji?"

Akatoka akifunga mshipi, huku anacheka, mpaka alipoiona bunduki.

"Mlikuwa mnaniangalia na hiyo?"

"Mzee, nisamehe," akasema Baba Mdogo. "Nilidhani ni fisi."

"Fisi!" Akanigeukia. "Na wewe boss, ulidhani nini?"

Nilitafuta jibu la kisomi. Nikaishia kusema: "Mimi ndiye niliyemwambia apige."

Mzee hakunitukana, afadhali angenitukana. Alichukua mkono wangu, akauingiza chini ya ile ngozi ya mbega, akaubana kifuani pake. Moyo ulikuwa ukienda mbio kama wa ndege uliyemshika mkononi.

"Sikia vizuri," akasema. "Ndio huu uliosema upigwe."

Kisha akarudi kwenye ngoma bila kuaga. Baba Mdogo akasema, "Darubini yako ilinionyesha kila unyoya. Mtu haikunionyesha."

Siku hiyohiyo aliiondoa darubini kwenye bunduki, baadaye akaweka nukta.

Basi, mwanangu, jibu langu ni hili. Kwenye miwa, vichaka na maboma, mahali pa karibu, chukua nukta: inakuachia uone kilicho kando ya shabaha na nyuma yake. Darubini ni ya mahali peupe na mbali, na hata huko ianzie kwenye ukuzaji mdogo. Lakini usiinue bunduki ili ujue unachokitazama. Jua kwanza, kwa macho yako, kitu kizima kuanzia kichwa hadi miguu. Usipokiona kizima, shusha. Na akitokea msomi pembeni anakuambia "piga", hasa akifanana na mimi, mwambie aende nyumbani.

Mungu akupe mkono mzito wa kufyatua na moyo mwepesi wa kuacha. Na kila atakayepita mbele yako afike kwake salama, akalalamikie chakula cha jioni.