Marahaba Niliyowaitikia Wezi

Aibu hii nimeikalia tangu Kwaresima, na kama si Mama Deodata kuisimulia vibaya kila anapokwenda (anasema tulikuwa watu ishirini, uongo, tulikuwa kumi na mmoja na majina yao nitawatajia) ningekufa nayo kimya. Afadhali niiseme mwenyewe, kwa mwandiko wangu wa darasa la nne.

Mjukuu wangu Konsolata, mtoto wa marehemu Otilia wangu, anasoma Dodoma mambo ya kompyuta, na ndani ya hayo anasomea namna ya kuwazuia wezi wasioonekana. Likizo iliyopita alikuja hapa Lipangalala na kompyuta kuukuu iliyotupwa na watu, akaisafisha, akaitia mfumo unaoitwa Linaksi, akaiweka juu ya stuli pembeni ya cherehani yangu, akaniambia hiyo sasa ni seva. Nikamuuliza seva ni nini. Akasema ni mhudumu, anakaa macho tu akisubiri kuitwa. Nikamwambia basi tumekuwa wawili humu ndani. Alicheka, nami nikacheka haraka ili asije akasikia nilichosema.

Akanieleza kuwa mfumo ule haununuliwi, umeandikwa na watu wengi wasiojuana, kila mmoja kaongeza kipande chake, na yeyote anaruhusiwa kuufungua atazame ndani. Nikasema huo ni ujima, mbona sisi tulilima mpunga hivyohivyo kule Lupiro, leo shamba la huyu kesho la yule, mimi na Skolastika na Tekla na Anjela na Bernadeta, wote wameshatangulia. Akaniuliza ni nani mwingine anayewakumbuka hao. Nikafikiri, nikaona hakuna. Akasema basi hilo ndilo neno letu la siri, majina manne yameunganishwa, na kila umeme ukikatika na kurudi mimi ndiye nitakayeiandikia kompyuta majina hayo ili iamke. Nikaona nimepewa kazi, nami siku hizo sikuwa na kazi ya mtu yeyote.

Siku ya kuondoka, mkoba uko begani tayari, nikamuuliza ile taa ndogo ya kijani kule nyuma ni ya nini. Akasema ikichezacheza ujue kuna mtu anaongea nayo kutoka mbali. Mtu gani?

"Mimi, Bibi. Nani mwingine?"

Akapanda bodaboda, akaenda zake.

Jamani, taa ilicheza. Haikupita siku. Asubuhi nachemsha chai inacheza, mchana nachambua mchele inacheza, nikasema kumbe mtoto huyu simu hapigi lakini nyumbani anafika. Nikaanza kumwitikia. Nasema marahaba mjukuu wangu, namweleza kuwa Mzee Kasiani wa jirani mgongo umemkamata tena, kuku mwekundu katotoa saba na mmoja kachukuliwa na mwewe, taa inacheza, mimi naendelea. Nilikuwa nimekaa muda mrefu bila kuongea hivyo ndani ya nyumba ile, tangu Otilia. Hata kiti changu nikakisogeza karibu na stuli.

Kosa lilianzia kwenye jumuiya. Tulikuwa kwa Mama Deodata, mwenyekiti wetu, tumemaliza rozari, akasema mbele za watu kwa ule utani wake wenye miiba, "Mama Otilia, yule msomi wako ameshakusahau? Maana wa kwangu anapiga kila Jumapili." Ningeweza kunyamaza, nikawa nimeokoka. Nikasema Konso wangu huja kila siku, tena Jumamosi ijayo jumuiya iwe kwangu mje mumwone wenyewe. Mdomo wangu huo.

Jumamosi nikapika wali na samaki kitoga wa kubanikwa, nikaazima viti kwa Mama Yusufu (yeye ni Mwislamu, alivileta akabaki kutazama), nikaifunika kompyuta kwa kitambaa changu cha kufuma kama mwari anayesubiri kutolewa nje. Wakaja. Mama Deodata, Mzee Fidelis katekista wetu, Gaudensia, Filomena na binti yake Veneranda, Batromeo na mkewe Eufrasia, Sesilia, na Mzee Kasiani na mgongo wake. Ukinijumlisha mimi na Mama Yusufu, kumi na mmoja.

Sala zilipokwisha nikafunua kitambaa. Taa ilikuwa inacheza kama ina pepo. Nikasema marahaba mjukuu wangu, wageni wako hawa, nao wakainama mmoja mmoja kumsalimia, Eufrasia akamwonya asiolewe kabla ya kumaliza chuo, na Mzee Fidelis akanyoosha mkono akambariki kwa ajili ya mitihani yake, yeye na wote walio pamoja naye. Nilijisikia mrefu. Ndipo Mama Deodata akasema tumpigie simu tusikie kama salamu zimefika.

Veneranda akaweka sauti ya wazi. Nikamuuliza Konso kama salamu zetu kazipata.

"Salamu gani, Bibi?"

"Za kwenye taa. Si umo humu tangu asubuhi?"

"Bibi, mimi sijaingia humo wiki ya tatu sasa. Nina mitihani."

Wiki ya tatu. Nikaitazama taa. Inacheza.

"Sasa huyu ninayemwitikia ni nani?"

"Hao ni wezi, Bibi. Wanazunguka kwenye seva za watu, wanapiga hodi, wanabahatisha neno la siri."

Kisha Filomena akasema chinichini kuwa tumewabariki wezi, na Mzee Fidelis akauliza, wala si kwa utani, kama baraka ikishatoka inaweza kurudishwa.

Konso akasema nichomoe upesi waya wa bluu, ule wa mtandao, mpaka ajue kama wameingia. Kwa haraka nikachomoa mweusi wa umeme. Kompyuta ikafa. Nikaurudisha, ikawaka, ikauliza neno la siri. Sasa mimi, tangu kwa Mwalimu Hermani wa darasa la kwanza, siwezi kuandika kitu bila kukitamka. Nimeinama, natafuta herufi kwa kidole kimoja, nikasema kwa sauti, "Skolastika."

Nyuma yangu Mzee Fidelis, rozari bado mkononi, akaitikia, "Utuombee."

"Tekla."

Wote, "Utuombee."

Konso kwenye simu anasema Bibi unataja, Bibi usitaje, lakini nani atasikia simu mbele ya litania. Anjela, utuombee. Bernadeta, utuombee. Kompyuta ikafunguka, na neno letu la siri likawa limejulikana kwa jumuiya nzima na Mama Yusufu juu.

Walicheka mpaka Mama Deodata akakaa chini sakafuni, nami nikacheka nao maana ningefanya nini. Wali ukaliwa. Wenzake walipoondoka Mama Deodata alibaki kunisaidia vyombo, akaniuliza wale wanne ni watakatifu wa wapi. Nikamwambia wa Lupiro, walikuwa wanalima mpunga. Akaendelea kuosha, hakutania tena.

Kesho yake Konso alikagua, akasema wezi hawakuingia, majina yale yaliushika mlango siku zote hizo. Akabadilisha neno (sasa ninaliandika nimeuma pindo la kitenge), akaifunga seva isimsikie mtu mwingine yeyote hata akipiga hodi. "Sasa Bibi," akasema, "ukiona taa inacheza, ni mimi kweli."

Taa ikatulia. Tangu Pasaka imecheza mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa Misa, Konso akaniambia baadaye. Mara ya pili ilikuwa Jumanne, muda mfupi tu, kama mtu aliyechungulia mlangoni akakumbuka safari yake; sikuwahi hata kumaliza habari za vifaranga.

Nimeapa sitamwitikia tena mtu marahaba kabla hajataja jina lake. Lakini kwa kuwa aibu nimeshaivua, niseme na hili: asubuhi nikichemsha chai naitazama ile taa imelala, na ninawakumbuka wezi wangu. Wale hawakukosa hata siku moja.