Pombe ya Shamba la Kisiwani

Luciana hakuumbiwa kusubiri. Kanisani, padre akirefusha mahubiri, alinyanyuka na kutoka nje kama mtu mwenye mtoto wa kubembeleza, ilhali kitinda mimba wake alikwisha olewa zamani katika kijiji cha Mbingu. Chungu kikiwa jikoni alikifunua na kukifunika hadi jirani wakamwambia auache huo wali upumue. Mumewe, Anselim, mtu mpole wa maneno machache, alizoea kusema kwamba siku mkewe atakapokufa atafika kaburini kabla ya jeneza. Luciana akisikia hivyo alicheka na kujibu kuwa ni kweli, maana wabeba jeneza wa Ifakara nao wanajikokota mno.

Basi mtu wa namna hiyo ndiye aliyejaliwa shamba Kisiwani, mahali ambapo kutoka Ifakara hapafikiki ila kwa pantoni.

Kisiwani ni ardhi iliyoinuka katikati ya mto, udongo mweusi, mpunga wake unanukia hata kabla ya kukobolewa. Pantoni huvuka mkono mkubwa wa mto na kutia nanga hapo. Barabara inakatiza kisiwa, inapita daraja la magogo kwenye mkono mdogo, na ng'ambo ya daraja ndipo linapongoja basi la kwenda Ulanga. Mwaka ule wa El Nino mvua zilikwisha lakini maji yakagoma kushuka. Mitumbwi ilikatazwa baada ya kiboko kuupindua mmoja watu wakiona kwa macho yao. Ikabaki pantoni peke yake, na pantoni ilijua kwamba imebaki peke yake.

Mpunga wa Luciana ulikuwa umeiva na kupitiliza. Anselim alikuwa huko wiki nyingi, amekaa juu ya dungu na kombeo lake, akifukuza ndege wa kwelea kwelea kwa mawe na kelele hadi sauti ikamkauka. Mwaka wa nyuma jua liliwaunguzia kila kitu, wakala muhogo na mboga za kuokoteza. Huu mpunga ndio uliokuwa chakula cha nyumba, na kila upepo ulipovuma punje zilipukutika matopeni. Usipokatwa sasa, basi tena.

Watu wa pande zile, mwenye mpunga mwingi na mikono michache hupika pombe na kualika majirani. Pombe ya shamba ina sheria zake. Haiuzwi hata tone. Anayeinywa amekubali kazi, na anayekunywa kisha akachomoka huimbwa na wanawake wanapotwanga, kwa jina lake na jina la mama yake, mpaka msimu mwingine. Jambo la pili ni kwamba pombe ndiyo inayopanga siku. Leo ni tamu, kesho ni siki, na hakuna mwalikwa atakayeinama shambani kwa ajili ya siki. Kisiwani hakukuwa na kuni kavu, kwa hiyo Luciana alipikia nyumbani kwake Ifakara, akatuma habari kwa wenyeji wa kisiwa kwamba Alhamisi waje na visu vyao.

Alhamisi alfajiri alikuwa kivukoni, na mkokoteni wenye mapipa ya pombe yaliyofunikwa kwa majani ya mgomba. Pantoni ilikuwepo upande wake. Alishukuru Mungu, na hilo lilikuwa kosa la kwanza, kwa maana pantoni ilikuwepo kwa sababu ilikuwa haiwaki.

"Tunaondoka saa ngapi, kaka Nazari?" alimwuliza nahodha, mwanamume mnene aliyekuwa akipiga mswaki kwa kijiti.

"Sasa hivi, mama."

"Sasa hivi ipi?"

"Pampu imevuta hewa. Festo anaitoa. Sasa hivi."

Festo, fundi wa injini, alikuwa ameingia chini ya sitaha na kuacha miguu tu nje. Miguu ile haikuwa na dalili ya haraka. Luciana akaizunguka, akarudi kwenye mapipa, akaenda ukingoni, akarudi tena. Ng'ambo aliwaona wale waalikwa wake wamekaa kivulini kwenye gati, wamekuja kumsaidia kubeba mapipa, na Anselim amesimama mbele yao akiegemea fimbo. Aliweza kuwatambua kwa mikao yao, ila sauti haikuvuka maji.

Watu waliongezeka. Akaja mfugaji wa Kisukuma, Shilinde, na ndama wawili aliokuwa akiwapeleka kwa shemeji yake. Wakaja akina mama wenye matenga ya nyanya zilizoanza kuvuja, walimu waliotoka likizo, watu wa basi la Ulanga na masanduku yao. Pakawa na benchi moja lililovunjika mguu na kila mtu akilitazama kwa adabu. Mkata tiketi alitangaza kwamba wote wapange foleni, wakapanga, kisha akaenda kunywa chai na dirisha lake likabaki limefungwa. Lori la mabati likasogezwa mbele ya wote, likaambiwa limekaa vibaya, likarudishwa nyuma, likazamisha tairi katika tope. Kila aliyeuliza alijibiwa sasa hivi.

"Mayu, kaa chini," Shilinde alimwambia, akimwita mama kwa Kisukuma. "Hata ng'ombe wangu wanachoka kukutazama."

"Kaa wewe. Ng'ombe wako hawachachi."

Jua lilipopanda, pombe nayo ilianza mambo yake. Povu lilisukuma majani ya mgomba na harufu ikaenea kivuko kizima. Ndipo Luciana akafanya kosa la pili, ambalo mtu wa bonde lile, aliyezoea kulipia kazi kwa pombe, pekee ndiye angelifanya. Alichota kata mbili zilizojaa, moja akampa Nazari na nyingine akaipeleka kule kwenye miguu.

"Pateni nguvu, wanangu. Mkimaliza upesi, nitawaongeza."

Nazari aliinywa polepole kwa macho yaliyofumba, akasema haijapata kutokea pombe kama hiyo tangu Kidatu hadi Mlimba. Mkono wa Festo ulitokea chini ya sitaha, ukachukua kata, ukairudisha tupu, ukaomba nyingine. Luciana alimpa. Alimpa na ya tatu, kwa kuwa alisikia spana ikigonga kwa bidii. Baadaye spana ikanyamaza. Alipoinama kuchungulia alimkuta Festo amelalia mkono wake, anakoroma kwa raha zote za dunia.

Luciana alishika kichwa. Alijichukia kuliko alivyoichukia pantoni. Mtu mzima, mpishi wa pombe miaka yote hii, na bado akampa fundi pombe asubuhi akitarajia kazi! Alimtikisa mguu, akamtikisa mguu wa pili, akamwita kwa jina la ubatizo na kwa majina mengine ambayo hayamo katika ubatizo. Festo aligeukia upande mwingine.

Mchana ulipovuka kidogo alitazama ng'ambo na kuona wale wa kivulini wanainuka. Mmoja alijikung'uta suruali, mwingine akachomeka kisu kiunoni, wakaanza kuondoka. Kule kisiwani hapakosekani pombe nyingine, na mtu hawezi kushinda na njaa kwa ajili ya mapipa asiyoyaona. Luciana alipunga kanga yake, akaruka, akapiga kelele hadi watu wa foleni wakaacha mazungumzo. Hakuna aliyegeuka. Gati likabaki na mtu mmoja, Anselim na fimbo yake, naye akakaa chini taratibu kama mtu aliyekwisha elewa.

Hapo Luciana alilia. Alilia waziwazi bila kujifunika uso, kisha akafuta pua kwa kanga, akashika pipa la kwanza kwa mikono yote miwili ili aliinamishe mtoni.

"Mayu, usimwage!" Shilinde alilishika pipa upande wa pili.

"Waalikwa wameondoka! Jioni hii itakuwa siki. Nimpelekee nani?"

"Hata kwetu Usukumani chakula cha kazi hakimwagwi. Kinatafutiwa watu."

"Watu wako wapi?"

Shilinde aligeuza shingo akatazama foleni. Luciana naye akatazama: walimu, akina mama wa nyanya, utingo wa lori, abiria wa basi, wote wamekauka midomo, na wote macho yao yako kwenye pipa.

Alipindua ndoo akapanda juu yake.

"Jamani, nisikilizeni! Hii ni pombe ya shamba. Siuzi. Mpunga wangu uko hapo ng'ambo, mnaweza kuuona kutoka hapa, na ndege wanaula. Sheria mnaijua. Atakayekunywa, atavuna. Asiyetaka kuvuna, maji ya mto yapo, ni ya bure."

Watu walicheka. Mwalimu mmoja alisema yeye yuko safarini, basi linamngoja, akarudi nyuma hatua chache. Mama wa nyanya akauliza kama mwenye mgongo mbovu anaweza kunywa nusu na kuvuna nusu. Shilinde akawa wa kwanza kunyoosha mkono, akainywa kata hadi chini, akajifuta masharubu. Baada yake kata haikupumzika. Luciana alichota akimtazama kila mnywaji usoni, moja kwa moja, ili uso ule asiusahau.

Alipobakiza pipa la mwisho alilifunika, akaketi juu yake, akasema hilo litafunguliwa shambani. Kisha akachota ndoo ya maji ya mto na kuimwaga yote chini ya sitaha.

Festo aliamka akitukana. Aliambiwa na watu wengi kwa pamoja, na wengi wao sasa walikuwa wachangamfu, kwamba atengeneze pampu. Akatengeneza. Injini ilikohoa, ikatema moshi mweusi, ikawaka. Nazari alikataa kata ya pili aliyopewa.

"Naendesha, mama. Yangu niwekee."

Njiani Luciana hakukaa. Alisimama kwenye mlango wa mbele wa pantoni akishika mnyororo, akiyasukuma maji kwa macho. Wasiwasi mpya ulimwingia: kuinywa waliinywa, lakini mlango ukishuka kila mtu ana safari yake. Nani atamshika nani? Wimbo wa wanawake wanaotwanga haumfikii mwalimu aliye Ulanga.

Mlango ulishuka kwa kishindo. Anselim alikuja akichechemea, akafungua mdomo kumwambia kitu, sauti ikakataa kutoka. Akaonyesha tu kwa fimbo. Juu ya shamba ndege walikuwa wametanda.

Watu wa basi walitoka mbio kuelekea darajani na Luciana akawatazama wakienda, huku akisaga meno. Walimu walikwenda. Lori lilikwenda. Wale akina mama wa nyanya walijitwika matenga yao nao wakafuata njia. Alibaki Shilinde, akifunga ndama wake kwenye mti.

"Mimi nipo," alisema. "Nipe kisu."

Waliingia shambani watu watatu na mpunga wa ukubwa ule. Luciana alikata kwa hasira bila kuinua kichwa, akiyatupa masuke nyuma yake. Hakutaka kumwona mumewe usoni.

Haukupita muda akasikia vicheko barabarani. Walikuwa wale wale wanarudi, masanduku vichwani. Basi lilikuwa limechoka kuwasubiri likaondoka, na hakuna jingine hadi kesho. Walisimama pembeni ya shamba wakitazamana kwa haya kidogo. Mama wa nyanya alitua tenga lake na kusema kwa sauti kubwa kwamba yeye hata hivyo alikuwa amekwenda kujisaidia tu. Wakacheka, wakaingia. Asiye na kisu alikusanya, asiye na mgongo alifukuza ndege. Hata yule mwalimu ambaye hakunywa aliomba apewe kata sasa, akapewa, akakunja suruali.

Jua lilipokuwa linaelemea magharibi, Luciana alinyoosha kiuno na kuona kwenye mstari wa mwisho mwanamume mnene anakata mpunga, na kando yake mwingine mwembamba mwenye shati lililolowa. Alikwenda kwao mbio.

"Kaka Nazari! Na pantoni je?"

"Nimeifunga," Nazari alisema bila kuacha kukata. "Asubuhi si ulinipa kata? Na Festo ulimpa tatu. Au unataka tuimbwe?"

Luciana alitaka kucheka, akashindwa. Upepo ulikuwa umegeuka, na safari hii sauti zilivuka maji. Upande wa Ifakara, pale pale alipokuwa ameshinda yeye, kulikuwa na watu wamejaa gati. Wanaita. Mmoja wao, mwanamke, alikuwa mbele ya wengine, hakai, anakwenda na kurudi, anapunga kanga yake juu kwa mikono yote miwili.

"Pantoni! Pantoni jamani!"

Luciana alimtazama. Alijua kabisa koo lile linavyowasha na miguu ile inavyouma. Alimjua mtu yule kuliko alivyomjua ndugu yake. Akageuka akautazama mpunga uliosimama bado, akamtazama Anselim anayefunga mafungu akitabasamu kwa mara ya kwanza msimu ule. Akainama, akashika masuke, akaongeza kasi ya kisu.

"Sasa hivi, mama," alisema chinichini. "Sasa hivi."