Disketi Hairudi Tupu

Ofisini kwetu Azaiba kila chumba kina kompyuta ya aina yake, na programu ya hii haikubali kwenye ile. Mwaka jana mwenzetu mmoja alipata programu ya kuandikia, ya bure, iliyotengenezwa kwa mashine za kila aina. Akawa anapita nayo mlango kwa mlango. "Itieni, kisha nirejesheeni disketi, nimpelekee mwengine."

Bibi wa masijala alimtazama juu ya miwani. "Bure, bure?"

"Wallahi bure, bi mkubwa."

Kesho yake bibi akairejesha disketi kwa mikono miwili. Jamaa akaifungua, akashangaa. "Bibi, umesahau kitu humu."

"Sikusahau. Huo mkate wa kumimina, nimekuandikia unavyopikwa. Ulitaka nikurejeshee chombo kitupu? Nna adabu zangu mie."

Kidole cha jamaa kilikuwa kishafika kwenye kitufe cha kufutia, maana disketi zenyewe haba. Akakirudisha taratibu. Akaunakili mkate ule kwenye disketi zote, juu yake kaandika "wa bibi wa Azaiba", na tangu hapo kila aliyepewa programu alipewa na mkate wake.

Juzi nilikuwa kaunta ya ofisi moja huko Sib, nisikojuana na mtu. Karani aliposikia natoka Azaiba, aliacha kugonga mihuri.

"Hebu muulize yule bibi yenu, unga wa ule mkate wa kumimina unaachwa uumuke muda gani? Hakuandika."

Nikacheka, nikamuuliza na programu je, wanaionaje?

Akanikunjia uso. "Programu ipi?"